Joto la Umri na Joto la Tezi

(Hotuba iliyotolewa siku ya kukutana kwa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, ndugu zangu tuliokula ugali wa bwalo hili, na ninyi vijana mnaoula sasa:

Nimeombwa niseme machache juu ya afya ya jamaa zetu. Mimi ni mtumishi wa serikali, si daktari, na nimechagua jambo la akina mama. Vijana wa kidato cha pili msicheke. Kila mmoja wenu ana mama.

Mwanamke akikaribia miaka 50, hedhi huanza kuruka miezi, hatimaye hukoma. Wakati huo wengi hupatwa na joto la ghafla. Huanzia kifuani, likapanda shingoni na usoni, jasho likatoka, na baada ya dakika chache limekwisha, pengine likiacha baridi. Usiku huloanisha shuka. Hayo ni maumbile, ingawa yanasumbua na dawa zake zipo.

Lakini liko joto jingine, litokalo kwenye tezi ya shingoni iitwayo thairoidi. Tezi hii ikifanya kazi kupita kiasi, mwili mzima huenda mbio. Joto lake haliji na kuondoka: mtu huona joto kutwa, hali wenziwe wamevaa masweta. Anakula vizuri na bado anakonda. Mikono inatetemeka, choo kinakuwa cha mara kwa mara, moyo unakwenda mbio hata akiwa ametulia. Wengine hutokwa macho. Linalochanganya ni kwamba tezi hiyo huweza kuvuruga hedhi pia, hata kila mtu akasema, "Ni umri."

Dada yangu aliambiwa hivyo mara 2 katika zahanati moja, akiwa na miaka 48. Alikuwa amekonda mpaka pete inamvuka kidoleni. Shemeji yangu alidhani mkewe amependeza! Jibu lilipatikana kwa kipimo cha damu. Hutazamwa homoni iitwayo TSH, ambayo kichwa huituma kuiamuru tezi ifanye kazi. Tezi ikizidisha, amri hukatwa, na TSH hushuka chini sana. Alianzishiwa vidonge vya kabimazoli. Angeachwa hivyo hivyo, moyo ungeweza kupoteza mpigo wake, na mifupa kudhoofika.

Sisi wa nyanda hizi za juu tuna sababu ya kuwa macho zaidi. Wazee mnakumbuka marovu yalivyokuwa mengi kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea katika miaka ya 1990. Chumvi hiyo imetuokoa, nami siipingi hata kidogo. Ila rovu la zamani lenye vinundu, lililozoea kukosa madini hayo, likiyapata laweza kuanza kutengeneza homoni ovyo. Zimbabwe na Kongo waliliona jambo hilo katika miaka hiyo ya 1990. Kwa hiyo mama mwenye rovu la siku nyingi akilalamika joto, msikimbilie kuhesabu miaka yake. Mpelekeni akapimwe damu.

Tena yote mawili huweza kumpata mtu mmoja. Tezi ya dada yangu sasa imetulia, na bado hutupa shuka saa nane za usiku. Safari hii ni umri kweli.

Ndugu Mwenyekiti, namwona mwenzetu daktari ameketi mstari wa mbele. Maswali ya dawa namwachia yeye.