ANAYESINZIA MCHANA HUENDA NI MGONJWA
(Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa wanachama)



Tumeletewa shauri la kumwachisha kazi dereva wa trekta kwa kuwa anasinzia. Wengine wanasema ni mvivu, wengine eti amerogwa. Kabla hatujanyoosha mikono, nisikilizeni.

Mtu akilala, nyama za koo hulegea. Kwa wengine, hasa wanene wenye shingo nene, njia ya hewa huziba. Lakini hata mwembamba hupata. Anakoroma kwa nguvu, halafu kimya! Pumzi imekatika, sekunde 10 au zaidi. Mara anashtuka, anahema kama aliyekabwa, anakoroma tena. Kwa saa moja yaweza kutokea mara 5, na kwa wenye hali mbaya mara 30 na zaidi. Mwenyewe hana habari. Asubuhi anaamka amechoka, kichwa kinamuuma, mchana anasinzia.

Ugonjwa huu huendana na shinikizo la damu, maradhi ya moyo na kiharusi. Na dereva akisinzia kwenye usukani, ataua watu.

Sasa tufanyeje?

Kwanza, shahidi ni yule anayelala naye chumba kimoja. Kina mama, msione haya kusema mliyoyasikia usiku.

Pili, mgonjwa aende zahanati, apimwe shinikizo la damu na uzito, aeleze yote, aombe kupelekwa hospitali kubwa. Kipimo chenyewe ni kulala usiku mmoja amefungwa vyombo vinavyoandika pumzi yake.

Tatu, alale ubavu, asilale chali. Aache pombe na dawa za usingizi. Mnene apunguze unene.

Iko pia mashine ya kusukuma hewa puani kwa kinyago ili koo lisizibe. Daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliieleza mwaka 1981. Mashine hiyo ni ghali, sisemi uongo, na inasaidia ikitumiwa kila usiku. Lakini kulala ubavu ni bure, tuanzie hapo.

Basi shauri langu ni hili: dereva asishike usukani mpaka apimwe, ila asifukuzwe. Apewe kazi ya ghalani kwa sasa. Mvivu huonywa, mgonjwa hutibiwa. Tusiwachanganye hawa wawili.