Baisikeli ya Bei ya Kutupa

Juzi kijana wa hapa kwetu alituletea baisikeli kwa shilingi 2,000. Risiti hana. Nambari ya fremu imesuguliwa kwa tupa. Wengine mkasema tununue, ya kubebea maziwa. Jamani! Kifungu 322 cha sheria ya jinai ya Kenya chasema ukipokea mali ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi, waweza kufungwa hadi miaka 14.

Wengine mwanong'ona, "Tukisema, watu watamchoma." Hofu hiyo ni ya kweli, mimi pia ninayo. Kwa hivyo hakuna kupiga mayowe sokoni. Kesho mimi na mweka hazina tutakwenda polisi kimya kimya, tuandikishe OB. Leo jioni nitapitia kwa mama yake.