Tairi Lililogonga Ukingo wa Barabara

(Maongezi kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Gari la chama cha msingi lina kazi nyingi kuliko gari la mtu binafsi. Asubuhi hubeba mbolea, mchana huwapeleka wajumbe mkutanoni, na jioni hurudi na mgonjwa wa kijijini aliyeombewa nafasi. Njia zake nyingi ni za vumbi na mawe, nazo madereva wamezizoea. Lakini tairi lililovumilia makorongo ya kijijini kwa miaka mitatu laweza kuharibiwa mjini kwa nukta moja tu, mbele ya benki au penye mzunguko wa barabara, kwa kugonga ukingo wa zege ulio pembeni mwa lami. Jiwe la njiani hubingirika au huzama udongoni. Zege halisogei.

Ajali hiyo ni ndogo machoni pa watu. Gari hutikisika, dereva husonya, abiria hucheka, na safari huendelea. Kwa kawaida haiandikwi popote. Yafaa basi ielezwe ni jambo gani hutokea ndani ya tairi wakati ule, kwa sababu hatari yake hasa haionekani kwa nje.

Tairi nyingi za siku hizi ni za rediali, mtindo ambao kampuni ya Michelin ya Ufaransa iliusajili mwaka 1946. Chini ya sehemu inayokanyaga barabara kuna mikanda ya waya wa chuma, nayo ni imara sana. Ubavuni mambo ni tofauti. Hapo pana nyuzi zinazotoka ukingo mmoja wa tairi hadi wa pili, safu moja au mbili tu katika tairi za magari madogo, zikiwa zimefunikwa kwa mpira mwembamba. Wembamba huo ndio unaolifanya gari liende bila kuwarusha waliomo, na ndio udhaifu wake pia. Nyuzi hizo ndizo zinazozuia upepo usilitanue tairi. Mpira peke yake hauwezi.

Gurudumu linapogonga ukingo, tairi hubanwa kati ya zege na rimu kama kidole kilichobanwa na mlango. Mpira hunyumbuka ukarudi mahali pake. Nyuzi hazinyumbuki kiasi hicho, nazo hukatika, pengine tatu, pengine kumi, ilhali kwa nje pamebaki mkwaruzo tu ambao kitambaa chenye maji chaweza kuufuta. Baadaye upepo hupenya polepole mahali palipokatika, ukausukuma mpira wa nje, na tairi hutoa nundu. Nundu hiyo yaweza kutokea siku ile ile, au baada ya siku kadhaa, au hata baada ya majuma. Ndiyo maana dereva aliyetazama tairi papo hapo na kuliona zima hakusema uongo, ila hajamaliza kazi ya kutazama.

Hesabu ndogo itasaidia kuonyesha uzito wa jambo hili. Tairi la pikapu lenye kimo cha sentimita 73 hivi huzunguka mara 430 hivi katika kila kilomita. Kutoka Moshi hadi Arusha, mwendo wa kilomita 80 hivi, huzunguka zaidi ya mara 34,000, na katika kila mzunguko ubavu hukunjika na kukunjuka pale unapobeba uzito. Nyuzi zilizosalia hubeba kazi ya zile zilizokatika, tena kwenye joto la lami na chini ya mzigo wa magunia. Zikishindwa, tairi hupasuka kwa ghafula, na aghalabu hupasuka gari likiwa katika mwendo mkali, si likiwa limesimama uani kwa chama.

Dereva aliyegonga ukingo na asimame mahali palipo salama, hata kama ana haraka. Atazame ubavu wa nje, kisha ainame na kuutazama wa ndani, ambao wengi huusahau. Apime upepo, na aupime tena baada ya nusu saa. Akiona nundu, mkato unaoonyesha nyuzi, au upepo unaopungua, tairi la akiba lifungwe hapo hapo. Asipoona kitu, aendelee kwa mwendo wa taratibu hadi kwa fundi wa matairi aliye karibu, nalo tairi livuliwe kwenye rimu na kukaguliwa ndani. Kuligonga kwa chuma na kusikiliza mlio, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi wa kando ya barabara, hakutoshi. Jeraha la kubanwa lina alama ndani, mstari au mpasuko katika mpira, au mahali ambapo kidole huhisi palivyolegea.

Hapa pana jambo moja linalowababaisha watu. Baadhi ya tairi nzima kabisa huwa na ubonyeo mwembamba ubavuni, kama mfereji unaotoka kwenye rimu kuelekea juu. Hapo ni mahali ambapo vipande vya nyuzi vilipandishwa kimoja juu ya kingine kiwandani, wala hapana ubaya. Kinachotoka nje ndicho cha kuogopwa.

Tairi lenye nundu au nyuzi zilizokatika ubavuni halitengenezeki. Kiraka huziba tundu la msumari katika sehemu inayokanyaga. Ubavuni huzuia upepo tu, wala hakiunganishi nyuzi. Kadhalika kutia tyubu ndani ya tairi lililojeruhiwa, au kubandika ndani yake kipande cha tairi kuukuu, ni kuuficha ugonjwa. Mafundi wanaofanya hivyo si lazima wawe wadanganyifu. Wengi hufanya kwa sababu wenye magari huwaomba.

Rimu nayo itazamwe. Rimu ya chuma iliyopinda kidogo ukingoni fundi hodari huweza kuinyoosha, kisha ikajaribiwa kwa maji ya sabuni ili kuona kama upepo unavuja. Ikiwa imepasuka, au imepinda karibu na matundu ya nati, itupwe. Rimu za alumini, zile zinazong'aa ambazo wajumbe wa vyama fulani hupenda gari liwe nazo, hazipindi kwa uvumilivu kama chuma. Hupasuka, na mpasuko waweza kuwa mwembamba kama unywele. Kuzichoma kwa moto au kuzichomelea huondoa nguvu zilizotiwa kiwandani. Gari la kubebea mbolea linafaa kuwa na rimu za chuma.

Ikiwa lililogonga ni gurudumu la mbele, vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu navyo vikaguliwe. Usukani uliokuwa umenyooka ukikaa upande wakati gari linakwenda moja kwa moja, au gari likivuta kushoto au kulia, kuna kilichopinda. Alaimenti ipimwe mapema, la sivyo tairi zote mbili za mbele zitalika upande mmoja, na chama kitanunua mbili badala ya moja. Usukani ukitetemeka katika mwendo fulani tu, yumkini ni rimu au balansi.

Kwa vyama vyenye lori, lipo onyo zaidi. Tairi kubwa za rediali huwa na nyuzi za waya wa chuma hata ubavuni. Zikiumia, au zikiendeshwa muda mrefu na upepo kidogo, waya huchoka na ubavu huweza kufumuka mstari mzima wakati wa kujazwa upepo. Mafundi wamepoteza maisha kwa njia hiyo. Tairi la namna hiyo lijazwe ndani ya kizimba cha chuma, naye fundi asimame mbali, wala si mbele ya ubavu.

Hayo yote, Ndugu Makatibu, huweza kufanyika ikiwa tu dereva amesema kuwa amegonga. Na hapo ndipo penye ugumu, kwa kuwa hapategemei fundi bali hutegemea desturi za chama.

Katika vyama vingine desturi ni kwamba tairi likiharibika dereva hulilipa, bila maswali. Bei ya tairi jipya si ndogo kwa mtu wa mshahara. Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kisimamishe uzalishaji mwaka 2009, matairi huagizwa kutoka nje, na bei yake hufuata thamani ya fedha za kigeni. Chukuliwe mfano wa dereva aliyegonga ukingo akilikwepa pikipiki, naye ana ada ya shule ya kulipa juma lile. Atakwenda kwa fundi wa pembeni, tairi litageuzwa juu ya rimu ili ubavu wenye jeraha utazame chini ya gari, na habari itakwisha. Juma linalofuata wajumbe sita watapanda gari hilo kwenda mkutano mkuu, na hapana atakayejua wamekalia nini. Chama kilichodhani kinalinda fedha ya wanachama kimewafundisha watumishi wake kuficha.

Tena desturi hiyo hailingani na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 28, imeweka masharti ya kumkata mfanyakazi mshahara kwa ajili ya hasara. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake. Aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa. Apewe nafasi ya kutosha ya kupinga. Kiasi kisizidi hasara yenyewe. Na makato yote ya namna hiyo yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Katibu anayekata bei yote ya tairi mwisho wa mwezi, kwa neno la mdomo la mwenyekiti, anakitia chama katika mgogoro ambao hakitashinda.

Wapo wajumbe watakaosema kwamba dereva asiyelipa atakuwa mzembe. Hoja hiyo ina uzito, wala haifai kupuuzwa. Dereva anayegonga kila mwezi, au aliyekunywa pombe, au aliyekimbiza gari mahali pa watu, ana kosa la kujibu kwa utaratibu. Lakini kosa hilo ni mbali na lile la kuficha. Inafaa halmashauri iazimie kwamba dereva anayetoa taarifa siku ile ile hatatozwa gharama ya ukaguzi, na kwamba anayegundulika ameficha ndiye atakayeitwa kujieleza. Gharama ya kuvua tairi moja na kulirudisha ni ndogo sana mbele ya gharama ya gari lililopinduka, na hapo bado watu hawajahesabiwa.

Katika daftari la gari utengwe ukurasa wa magurudumu. Iandikwe tarehe, mahali, gurudumu gani, kilomita zilizosomeka, upepo uliopimwa, na alichokiona fundi, pamoja na sahihi yake. Upepo usisahauliwe, kwa maana tairi lenye upepo pungufu hubanwa kwa urahisi zaidi. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa aghalabu kwenye mlango wa dereva, nacho hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi. Vivyo hivyo mwendo: kishindo cha kugonga kwa kilomita 40 kwa saa ni mara nne ya kile cha kilomita 20. Ikibidi gari lipande ukingo, lipande polepole sana na kwa kuukabili, si kwa kuusugua kiubavuubavu.

Tairi jipya linaponunuliwa, liwe la kipimo na aina ile ile na la upande wa pili wa ekseli, na ikiwezekana zinunuliwe mbili. Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne jambo hili ni la lazima, kwani tairi zenye vimo tofauti huzitesa gia. Namba nne zilizo mwisho wa maandishi ya DOT ubavuni huonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa. 3519 ni juma la 35 la mwaka 2019. Muuzaji asiyetaka zisomwe aachwe na tairi lake.

Lile lililokataliwa lisirudishwe stoo. Tairi lililo stoo siku moja hufungwa, na mtu asiyejua historia yake, usiku, mvua ikinyesha. Likatwe ubavuni kwa msumeno mbele ya katibu na mjumbe mmoja, liandikwe katika daftari kuwa limefutwa, ndipo apewe mshona katambuga.