Maandishi Yaliyo Ubavuni mwa Tairi

Jioni hii twapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi hulipita bila kulitazama, nalo ni maandishi yaliyopigwa chapa ubavuni mwa tairi la motokaa. Twataka kueleza jinsi mtu anavyoweza kuyasoma, na jinsi anavyoweza kuchagua tairi lenye kipimo kinachoifaa motokaa yake, hasa ikiwa motokaa hiyo ni ya zamani na matairi ya namna yake ya kwanza hayaonekani tena madukani.

Jambo hili si dogo. Katika motokaa nzima hakuna kitu kinachogusa njia ila matairi manne, na kila tairi huigusa kwa mahali pasipopita sana ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Injini iwe na nguvu namna gani, na breki ziwe nzuri namna gani, nguvu zote hizo hazina budi kupita katika viganja hivyo vinne. Vikishindwa kushika njia, hakuna kingine kitakachoshika badala yake.

Tutatwaa mfano wa motokaa moja ijulikanayo sana, nayo ni MGB, motokaa ndogo ya mwendo mwepesi iliyoundwa katika mji wa Abingdon, Uingereza. Ilianza kuuzwa mwaka wa 1962, na kiwanda kiliacha kuiunda mwaka wa 1980, baada ya kutoa zaidi ya motokaa 500,000. Nyingi zingali hai hata leo, nazo hutunzwa na wenyewe kama vile mtu atunzavyo saa aliyoachiwa na babu yake. Labda mmoja wenu atauliza, “Motokaa hiyo ya kigeni yatuhusu nini?” Twajibu kwamba maandishi yale yale yamo katika tairi la basi la kijijini kwenu na la lori lipelekalo pamba. Tena hesabu zake ni zile zile mnazojifunza shuleni. Anayejua kuzisoma kwa motokaa moja atajua kuzisoma kwa nyingine.

Basi tuanze na maandishi ya kale. MGB za kwanza zilivishwa matairi yaliyoandikwa 5.60–14. Maana yake si ngumu. Hesabu ya kwanza ni upana wa tairi, yaani inchi 5 na sehemu 60 katika 100 za inchi. Hesabu ya pili ni kipimo cha rimu, yaani kile chuma cha duara kinachovishwa tairi: inchi 14 kutoka ukingo hata ukingo. Juu ya kimo cha ubavu wa tairi hapakuandikwa neno, kwa sababu siku zile matairi yalifuata desturi moja, na kila fundi aliifahamu.

Matairi hayo ya kale yalikuwa ya nyuzi za mshazari, yaani ndani ya mpira nyuzi zilipishana kama ukindu katika mkeka. Lakini mwaka wa 1949 kiwanda cha Michelin, huko Ufaransa, kilianza kuuza tairi la namna nyingine, liitwalo radiali. Ndani yake nyuzi hukata moja kwa moja kutoka ukingo mmoja wa tairi mpaka wa pili, na juu ya nyuzi hizo umefungwa mshipi wenye nguvu chini ya ule mpira ukanyagao njia. Kwa hiyo ubavu hulegea kidogo motokaa ikatapo kona, lakini unyayo hubaki umelala vema juu ya njia. Tairi la radiali hushika zaidi na hudumu zaidi. MGB ya namna ya GT, ile yenye paa la chuma iliyotoka mwaka wa 1965, ilivishwa radiali zilizoandikwa 165 SR 14.

Hapo twaona maandishi yamegeuka. Sasa upana waandikwa kwa milimeta, 165. Herufi R ni ya radiali. Lakini rimu bado yapimwa kwa inchi, 14. Ndiyo kusema tairi moja lina vipimo vya namna mbili, na asiyejua hili huweza kuchanganyikiwa. Leo tairi hilohilo huandikwa 165/80 R 14, na ile 80 iliyo katikati ndiyo neno jipya. Yatwambia kwamba kimo cha ubavu ni sehemu 80 katika kila 100 za upana. Watu wengi hudhani kuwa 80 ni milimeta. Sivyo, ni ulinganifu tu.

Ninyi wanafunzi, chukueni kalamu. Upana ni milimeta 165. Sehemu 80 katika 100 za 165 ni 132. Basi ubavu una kimo cha milimeta 132. Katika tairi zima mna ubavu wa juu na ubavu wa chini, kwa hiyo twazidisha mara mbili, nasi twapata 264. Rimu ni inchi 14, na kila inchi ni milimeta 25.4, 14 mara 25.4 ni 355.6. Tukijumlisha 264 na 355.6, twapata 619.6. Hicho ndicho kimo cha tairi zima, kutoka ardhini mpaka juu: karibu milimeta 620. Hesabu hiyo moja ni kipimo cha kupimia mengine yote.

Tuseme sasa kwamba mtu amekwenda dukani, naye muuza matairi amwambia, “Hilo lako sinalo, lakini ninalo 175/70 R 14.” Je, alikubali? Na apige hesabu. Sehemu 70 katika 100 za 175 ni 122.5, mara mbili ni 245, ongeza 355.6, jumla ni 600.6. Tairi hili ni fupi kuliko la kwanza kwa sehemu 3 katika 100. Tofauti ni ndogo, na wenye MGB wengi hulitumia. Lakini muuzaji akimpa 185/60 R 14, hesabu yasema 577.6. Hapo upungufu ni karibu sehemu 7 katika 100, na upungufu wa namna hiyo una gharama.

Gharama ya kwanza ni kwamba motokaa yasema uongo. Saa ya mwendo haioni njia. Huhesabu tu mizunguko ya magurudumu. Tairi fupi huzunguka mara nyingi zaidi kwa safari ile ile, na hivyo, ikiwa saa ilikuwa sawa kwa tairi la kwanza, mwendeshaji ataona 100 na kumbe aenda 93. Gharama ya pili ni ya injini, kwa maana nayo hulazimika kuzunguka zaidi na kunywa mafuta zaidi katika safari ndefu. Ya tatu ni kwamba tumbo la motokaa hushuka, kama milimeta 21, likakaribia mawe na matuta. Na mtu akikosea upande wa pili, akavisha 185/80 R 14, kimo chake ni 651.6, yaani zaidi kwa sehemu 5 katika 100. Hapo ataona 100 na kumbe aenda 105. Kosa hilo lina hatari zaidi, kwa kuwa humfanya mtu akimbie kuliko ajuavyo.

Hata hivyo kimo peke yake hakitoshi. Tazameni 185/70 R 14. Hesabu yake ni 614.6, karibu sawa kabisa na tairi la asili. Kijana apendaye motokaa pana yenye sura ya kutisha atafurahi, aseme, “Kimo ni kile kile, na upana umezidi milimeta 20, basi nimepata faida.” Twamsihi angoje kidogo. Katika MGB nafasi kati ya tairi la nyuma na bati la motokaa ni ndogo. Motokaa ikichukua mzigo, au ikikata kona kwa nguvu, tairi pana huweza kusugua bati mpaka likakatika ubavu. Tena rimu za MGB za mwanzo ni nyembamba: zile za bati zina upana wa inchi 4, na zile za nyuzi za chuma, mfano wa gurudumu la baiskeli, zina inchi 4 na nusu. Tairi pana likivishwa rimu nyembamba hubanwa miguuni, likavimba tumboni, na unyayo wake huviringana. Ndipo lile lililonunuliwa ili likanyage zaidi huishia kukanyaga vibaya. Kila kiwanda cha matairi kina orodha ionyeshayo rimu nyembamba kabisa na rimu pana kabisa zinazofaa kwa kila tairi. Muulizeni muuzaji awaonyeshe orodha hiyo kabla hamjatoa fedha.

Upana una mashaka mengine pia. MGB haina mtambo wa kusaidia usukani; mikono ya mwendeshaji ndiyo mtambo. Tairi pana huufanya usukani uwe mzito. Na wakati wa mvua, tairi jembamba hukata maji likafika chini penye njia, bali lililo pana huwahi kuelea juu ya maji, na gari likielea halisikii usukani wala breki. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Waliounda motokaa hii walipima tairi, springi, usukani na rimu vyote pamoja; anayebadili kimoja amevigusa vyote.

Baada ya kipimo huja hesabu nyingine na herufi, kwa mfano 84 T. Hesabu ni ya mzigo: 84 maana yake tairi moja laweza kubeba kilo 500. Herufi ni ya mwendo: S ni kilometa 180 kwa saa, T ni 190, na H ni 210. MGB yaweza kupita maili 100 kwa saa kidogo tu, yaani kilometa 160 na zaidi, kwa hiyo S yaitosha. Kanuni ni moja: mtu asishuke chini ya mzigo wala mwendo ulioandikwa na waundaji wa motokaa yake. Kupanda juu ya hapo si vibaya.

Na kuna kuchanganya. Mtu mwenye fedha chache huweza kununua radiali mbili tu, na kuyaacha matairi mawili ya mshazari. Asivae namna mbili katika ekseli moja hata kidogo. Tena asitie radiali mbele na mshazari nyuma, kwa kuwa sehemu ya mbele itashika njia na ya nyuma itateleza, na motokaa itazunguka kama pia. Lililo jema ni kuvisha manne ya namna moja, pamoja na lile la akiba. Na ikiwa magurudumu ni ya nyuzi za chuma, asisahau mpira wa ndani, kwa sababu hewa hutoroka penye vichwa vya nyuzi.

Neno la mwisho ni umri. Motokaa ya zamani husafiri kidogo; hutoka siku za jua na kurudi kulala. Kwa hiyo tairi lake halichakai kwa kukanyaga, bali huzeeka kwa miaka, na meno yake yakaonekana mapya huku mpira wenyewe umekufa. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2012, huko Uingereza, basi lililowachukua vijana waliotoka katika tamasha la muziki lilipasuka tairi la mbele, likaacha njia na kugonga mti. Watu 3 walikufa. Tairi lile lilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 19. Tangu Februari mwaka wa 2021 sheria ya huko yakataza matairi yaliyopita miaka 10 katika magurudumu ya mbele ya malori na mabasi. Umri wa tairi si siri. Ubavuni, mwisho wa maandishi yaanzayo na herufi DOT, mna tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililoandikwa 1423 lilitengenezwa katika juma la 14 la mwaka wa 2023. Msisahau kulitazama na lile la akiba, maana mara nyingi ndilo mzee kuliko yote.

Basi, wasikilizaji wetu, atakaye kununua tairi na aulize maswali haya kwa taratibu: Waundaji waliandika kipimo gani? Kimo cha hili nipewalo ni kiasi gani? Rimu yangu yalikubali, na bati halitasuguliwa? Mzigo na mwendo vyatosha? Limezaliwa mwaka gani? Akiisha kujibiwa yote matano, na atoe fedha yake kwa moyo mkunjufu. Asipojibiwa hata moja, afadhali aende duka la pili, ingawa ni mbali. Na ninyi msio na motokaa, kesho mkingoja basi, inameni mkasome ubavu wa tairi lake. Mtakaopanda ni ninyi.