HEWA YA NDANI, NYUMBANI NA KAZINI

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama)

Leo hatusemi juu ya mishahara. Twataka kusema juu ya kitu tunachokitumia usiku na mchana bila kukinunua, yaani hewa.

Sisi tunaokaa Eastlands twavijua vyumba vyetu. Katika mitaa ya zamani, vingi vilijengwa wakati wa ukoloni kwa mwanamume aliyeacha jamaa yake nyumbani. Leo chumba kimoja ni cha kulala, cha kupikia, na cha watoto kusomea. Mle ndani mna moshi wa makaa, stovu ya mafuta ya taa, dawa ya mbu ya kuchoma, na pengine rangi mpya ya ukutani.

Vitu hivi huchoma macho, pua na koo. Mtu hutokwa na machozi, hupiga chafya, hukohoa, huumwa na kichwa. Huko si kulogwa wala si uvivu. Ni mwili unapiga kengele.

Lakini watu hawalingani. Mmoja ataketi saa nzima asione kitu. Mwenzake mwenye pumu atabanwa kifua mara moja. Mtoto mdogo huvuta pumzi upesi kuliko mtu mzima, basi moshi ule ule humwingia zaidi kwa kadiri ya mwili wake.

Tena pua hutudanganya. Ukiingia chumba chenye harufu ya mafuta utaisikia mara moja. Baada ya dakika chache huisikii. Mafuta hayakutoka, ni pua iliyozoea. Kwa hiyo mgeni akisema, "Hapa pananuka," tusimbishie.

Na iko hewa mbaya zaidi isiyo na harufu kabisa. Ni ile ya jiko la makaa, iitwayo kaboni monoksaidi. Haichomi macho wala koo. Jiko likiacha moshi, watu hudhani limekuwa salama. Huliingiza ndani na kufunga dirisha kwa baridi ya Julai. Asubuhi majirani huvunja mlango.

Kazini mambo ni hayo hayo. Mtu anayepaka rangi au kuosha vyuma kwa dawa kali ndani ya banda lililofungwa, akilalamika, wenziwe humcheka na msimamizi humwita mvivu. Ndugu, yule ndiye aliyesikia kengele kwanza. Tukimnyamazisha yeye, tumejidhuru sisi sote. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumfukuza au kumwonea mfanyakazi kwa sababu amelalamika juu ya usalama. Tena inataka kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi.

Basi tufanye hivi:

1. Jiko la makaa liwashwe na litumiwe nje. Lisilale ndani kamwe, hata likiwa halina moshi.

2. Anayeweza kuacha stovu ya mafuta ya taa aiache. Shirika la Afya Duniani lilishauri hivyo mwaka 2014. Asiyeweza, afungue dirisha na mlango anapopika.

3. Kazini, mmoja akikohoa, wajumbe wetu waende kwa mwajiri siku ile ile waulize: Dawa hii ni ya namna gani? Hewa inapita wapi?

Tumepigania shilingi miaka mingi, na tutazidi kuzipigania. Lakini tuzipiganie tukiwa na vifua vizima.

Umoja ni nguvu.