Tuwasikilizishe Kigame kwa Kanda Ipi?

 

Sisi wanakwaya wa zamani tumepewa dakika chache. Historia ya kwaya mtaisoma kwenye kurasa za mbele, na picha zipo, hata zile za majoho ya zambarau ambazo wengine wetu wangependa zisahaulike. Tumechagua kusema juu ya jambo moja tu, ambalo limetushughulisha tangu vijana tisa wajiunge nasi mwezi wa Januari.

Tuliwauliza kama wanamjua Reuben Kigame. Wote walisema ndiyo. Tulipowaomba waimbe, tukagundua wanakijua kipande kile ambacho mtu husikia akingoja simu yake ipokelewe. Sekunde chache, halafu mtu anasema "haloo", na Kigame amekwisha.

Kwa watu wa Thika, Kigame si mtu wa mbali. Alizaliwa Vihiga mwaka 1966, akapoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto mdogo, akasoma Kibos, kisha akaja hapa hapa katika shule ya sekondari ya wasioona, kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mji huu umekuwa na shule ya wasioona tangu mwaka 1946, ilipoanzishwa na Jeshi la Wokovu. Baadaye watu wakamfahamu pamoja na Sifa Voices kule Eldoret. Wengi wetu tulijifunza sauti ya pili kwa kumfuata yeye na wenzake, sikio likiwa limebanwa kwenye spika ya redio kaseti, maana karatasi ya solfa hatukuwa nayo.

Kwa hiyo tuliamua kuwasikilizisha vijana. Swali likawa, kwa rekodi gani?

Tunayo katoni ya sabuni iliyojaa kanda, na flashi mbili tatu za miaka ya karibuni. Ni rekodi za ibada, harusi, mikutano ya injili, vitu vilivyonaswa na watu waliokaa kwenye viti na redio zao magotini, au simu juu. Ndani yake yumo Kigame, zimo kwaya za jirani, na tumo sisi wenyewe tukiwa wembamba. Albamu zake za studio pia tunazo. Baadhi yetu walisema tuwape albamu basi, sauti ni safi, mambo yaishe.

Albamu ni nzuri, na wazinunue. Lakini mgeni akija Thika kwa mara ya kwanza, humpi nanasi la kopo ilhali mashamba yako kando ya barabara. Unamkatia lile lenye miba. Katika rekodi ya ibada unasikia kitu ambacho studio hukiondoa kwa makusudi: watu. Unasikia kusanyiko likiupokea wimbo kabla kiongozi hajamaliza mstari. Unasikia mama mmoja mwenye sauti ya tatu aliyeketi karibu na mwenye simu, ambaye hakuwa kwenye kwaya yoyote, akiishika sauti yake hadi mwisho bila kuyumba. Mtoto analia, mtu anakohoa, na wimbo unaendelea.

Na hili si suala la kuburudika tu. Mwezi ujao kwaya itakaa kuamua kama Jumapili tutaendelea kuimba na kinanda chetu na sauti nne, au tutatumia muziki uliorekodiwa tayari kwenye flashi, tuinue maikrofoni na kusogeza miguu. Hoja za vijana tunazisikia: kinanda ni kizee, mpigaji anafanya kazi za zamu, na muziki wa flashi haukosei. Tungependa tu, kabla ya kura, wasikie jinsi kusanyiko linavyofanya pale mpigaji aliye hai anapopunguza mwendo kwa sababu ameona, au kwa habari ya Kigame amesikia, kwamba watu hawajamaliza kuomba. Flashi haisubiri mtu.

Basi tulichagua hivi. Wa kwanza uwe wimbo wanaoujua nusu. Tulichukua "Enda Nasi", ambao jina lake peke yake linamrudisha mtu kwenye ombi la Musa katika Kutoka 33. Kijana anayejua sekunde zake chache atashangaa kusikia wimbo wenyewe una mlango, sebule na jikoni. "Sweet Bunyore" tuliuweka wa pili, na hapo wazee wetu wenye asili ya Vihiga walitulalamikia mpaka chai ikapoa. Hatukubadilisha. Wimbo wa kutamani nyumbani humwingia upesi aliyewahi kuondoka nyumbani. Mtoto aliyezaliwa Makongeni na akakulia Makongeni anahitaji kwanza kumpenda mwimbaji, ndipo apende kijiji chake.

Rekodi iwe nzima. Usikate maneno yanayosemwa kati ya wimbo na wimbo, kwa kuwa humo ndimo mtu anamfahamu mwimbaji kama mtu. Ila usimpe mgeni ibada ya saa tatu. Mbili au tatu zinatosha, na aombe nyingine mwenyewe.

Kuna jambo la ufundi ambalo mwalimu wa kwaya ametuomba tulitaje. Kanda iliyorekodiwa wakati betri zimechoka ilizunguka polepole. Ukiicheza leo kwenye umeme wa kawaida, inakwenda mbio na sauti zote zinapanda. Tena anageuka karibu kuwa alto, na vijana watajipasua koo wakimwiga. Jaribu kwanza kwenye kinanda: kama sauti haikai kwenye noti yoyote bali inaelea katikati, iache kando hata kama unaipenda. Rekodi za simu nazo zina ugonjwa wao. Mwenye simu akikaa chini ya spika kubwa, besi inameza kila kitu. Zilizo bora ni za mtu aliyeketi katikati ya kanisa.

Sasa la mwisho, na si dogo. Rekodi za namna hii, kote nchini, nyingi hazikuombewa ruhusa. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa mwimbaji haki juu ya kurekodiwa kwa onyesho lake na juu ya nakala zinazotolewa. Kule Marekani kundi la Grateful Dead lilimaliza ubishi mwaka 1984 kwa kuwatengea wenye kurekodi sehemu yao ukumbini. Kwa jirani yetu wa Murang'a, marehemu Joseph Kamaru aliyefariki mwaka 2018, mjukuu wake ndiye anayezitoa upya nyimbo za babu, na huko ndiko pa kuzipata. Lakini Kigame yu hai, na nyimbo ni shamba lake. Kwa hiyo hatutatuma chochote kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, na tunawaomba wenye simu nyepesi wasirekodi rekodi. Katibu ameandaa barua ya kumwomba ruhusa mwenyewe. Nakala za vijana zitangoja jibu, na jibu likiwa hapana, katoni itabaki katoni. Albamu za kununua ziko mezani pale mlangoni.

Leo tutasikiliza pamoja tu, vijana tisa na yeyote anayependa, katika chumba cha shule ya Jumapili, mara baada ya chakula. Redio kaseti ipo. Tunaomba mtu mwenye betri kubwa sita, mpya kabisa, amwone mweka hazina kabla ya saa nane.