Wazee wetu hawako kwenye listi



Tukipita nyumba kwa nyumba kuandika waliorudi toka Tanzania, tulikuwa tunauliza: "Kuko kilema hapa?" Wanajibu: "Hapana, hakuna." Na pale pale kwenye mkeka koko amekaa, haoni tena vizuri, chooni anaenda kwa kushikwa mkono. Eti ni uzee tu. Sisi tunaandika sifuri. Kosa hilo ni letu.

Ripoti ya OMS na Benki ya Dunia ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba katika nchi maskini, kati ya watu 100 wenye miaka 60 na zaidi, karibu 43 wana ulemavu. Kwa matajiri ni kama 30. Sababu tunazijua: mtoto wa jicho hakutolewa, mfupa haukufungwa vizuri, presha haikupimwa. Na Kongo haijahesabu watu wake tangu 1984, basi listi yetu iko na uzito.

Sasa neno "kilema" tumeliacha. Tunauliza kama ana shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujiosha, ao kueleweka akisema; shida kidogo, nyingi, ao hawezi kabisa. Tunamuuliza mzee mwenyewe, si mtoto wake mlangoni.

Aliyeandikwa sifuri anapanga mstari kwenye jua sawa na kijana, ao anakosa kabisa. Kwa hiyo tutarudia avenue zote tulizokwisha kuandika. Mtuachie nafasi tuongee na wazee.